Daftari la Jumanne

Mwenyekiti wa baraza la kata aliniuliza mbele ya watu, siku ya tatu niliyokaa kwenye benchi la nyuma:

"Wewe fundi, una kesi hapa?"

Nikasema sina.

"Una ndugu mwenye kesi?"

"Sina, Mzee."

"Basi unaandika nini?"

"Naandika saa mliyofika."

Watu wachache wakacheka huku wameinamisha vichwa. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa ameingia saa tano na robo. Tangazo lililobandikwa mlangoni, lenye mhuri wa ofisi ya kata, lilisema shughuli zinaanza saa tatu kamili asubuhi. Akamwambia katibu wake, "Mwache. Atachoka."

Sikuchoka. Nilikaa pale kila Jumanne kwa karibu miaka miwili, na katika muda wote huo sikumpenda hata mmoja wa wale waliokaa nyuma ya meza ile. Nalisema hili mapema ili msomaji asinidhanie mtu aliyekaa katikati. Nilikwenda kwa hasira, na hasira hiyo ilianza siku niliyoitwa kuwa shahidi wa mteja wangu. Tulikaa tangu asubuhi hadi saa nane, tukaambiwa turudi wiki ijayo kwa sababu mhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo amekwenda Ujiji msibani.

Kata yenyewe sitaitaja. Ni mojawapo ya kata za kando ya ziwa, si mbali na Katonga, na hilo linatosha. Wajumbe wa baraza si mahakimu waliosomea. Ni wakazi kama sisi. Majina yao hupendekezwa kwenye mikutano ya mitaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata hupiga kura, nao hukaa miaka mitatu. Mtu kuchaguliwa na majirani zake ili asikilize magomvi ya majirani zake: mimi niliiona kazi hiyo kuwa nzito kuliko ya diwani. Lakini diwani tunampima. Bomba likikauka tunamzomea hadharani. Mjumbe wa baraza hapimwi na mtu. Miaka mitatu ikiisha, watu hukumbuka kama alifika kwenye misiba yao, na huyu mwenyekiti, mstaafu wa bandarini, hakukosa msiba hata mmoja. Alijua kubeba jeneza, alijua kuchekesha wafiwa siku ya tatu, alijua jina la kila bibi. Ndiyo maana alikuwa katika kipindi chake cha pili.

Mimi natengeneza vyerehani mjini, eneo la Mwanga, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe, kitabu kwa kitabu, kwa mpangilio. Cherehani kikiruka mishono, fundi wa kubahatisha hubadilisha sindano akaomba Mungu. Fundi anayejua huzungusha gurudumu kwa mkono, polepole, akiangalia ni wapi sindano na ndoana zinapishana. Nilitaka kulizungusha baraza kwa mkono namna hiyo hiyo.

Nikanunua daftari kubwa la kaunta, nikalichora safu tano. Ya kwanza, saa iliyotangazwa na saa waliyoanza. Ya pili, wajumbe waliokuwepo, na kama mwanamke yumo, kwa kuwa sheria inataka awepo. Ya tatu, mashauri yaliyoitwa. Ya nne, sababu ya kuahirisha. Ya tano, maneno yaliyosemwa na mengine niliyoyaona. Safu hii ya tano ndiyo iliyojaa upesi. Niliandika: "Mjumbe wa pili kutoka kushoto amelala, saa sita na dakika kumi hadi saa sita na nusu." Niliandika: "Mdaiwa ameitwa mwanangu mara nne. Mdai ameitwa wewe." Siku mama mmoja mjumbe, muuza mawese, alipowakemea wenzake kwa kumkatiza shahidi, niliandika na hilo, ingawa kwa shingo upande, maana lilikuwa linaniharibia hesabu.

Nilikuwa pia na kitabu cha sheria za mabaraza. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Mwanga. Hakikuwa na jalada wala kurasa mbili za mwanzo. Nikakitengenezea jalada la gazeti, juu yake nailoni, nikakisoma mara nne nikipiga mistari kwa penseli. Kila Jumanne nilikuwa nacho mfukoni. Mwenyekiti alipopita karibu yangu alizoea kusema, "Habari za shule, mwanafunzi?" Nami nilijibu, "Nzuri, Mzee. Leo umechelewa saa moja na dakika hamsini."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa siku mjane mmoja alipoleta shauri lake.

Alikuwa mwanamke wa makamo kama mimi, mwanika dagaa. Babu zake walivuka kutoka Kongo zamani, yeye kazaliwa Ujiji, kaolewa na mtu wa hapa hapa kandokando ya ziwa. Mumewe alipofariki alimwachia chumba na sebule na uwanja wa kuanikia dagaa: mchanga uliosafishwa, vichanja vya miti na wavu, na jua la kutwa nzima kwa sababu hakukuwa na ukuta upande wowote. Uwanja huo ndio uliokuwa unamlisha yeye na mama yake mzazi. Alipokuwa bado ndani ya eda, hawezi kutoka, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akaja na mafundi, akachimbia nguzo katikati ya uwanja. Alisema ni ardhi ya baba yao, na kwamba anajenga vyumba vya kupangisha.

Siku ya kwanza shemeji alisema mbele ya baraza, bila haya, "Huyu kwao ng'ambo. Arudi akaanike huko."

Mjane akajibu, "Ng'ambo gani, shemeji? Harusi yako ni mimi niliyekupikia wali. Ulikula sahani tatu."

Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Kisha akaahirisha, kwa sababu mama mjumbe hakuwepo na mwanamke mwingine hakupatikana. Nikaandika.

Nawaeleza wasioishi huku jambo moja. Kando ya ziwa letu mwezi una nusu mbili, giza na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haivuti dagaa mbalamwezi ikiwa imewaka. Wakati wa giza mitumbwi hurudi alfajiri imejaa, na mwanika dagaa hana nafasi ya kwenda popote: lazima awatandaze, awageuze, awafukuze kunguru na bata, na wingu likitokea upande wa Kongo awaanue mbio. Wakati wa mbalamwezi vyombo hupumzika, naye hupumzika. Kila mtu pale anaijua kalenda hiyo. Mwenyekiti, aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, aliijua kuliko mimi.

Baada ya miezi minne nilikaa kibarazani Mwanga, nikahesabu. Shauri la mjane lilikuwa limepangiwa siku nane. Siku tano kati ya hizo ziliangukia giza. Katika hizo tano alifika mara mbili, na mara tatu katibu aliandika "mdai hakufika". Siku moja aliyofika, mvua ilinyesha saa saba tukiwa bado tumeketi. Nilimwona akiitazama kupitia dirishani. Hakuinuka. Mama yake ni mzee wa kutembea kwa fimbo, hakuweza kuanua peke yake, na dagaa wale waliishia kuwa chakula cha kuku.

"Baba," alimwambia mwenyekiti siku ile, "Jumanne uliyoitaja nayo ni giza. Nipe ya mbalamwezi."

"Baraza halivuliwi kwa taa, mama."

"Nitakuwa na dagaa chini."

"Dagaa hawana kesi hapa. Wewe ndiye mwenye kesi."

Shemeji alicheka kuliko wote. Yeye alikuwa fundi ujenzi. Mwezi kwake ulikuwa ule ule. Na kila shauri lilipoahirishwa, nguzo zake ziliongezeka. Zikawa msingi. Msingi ukawa kozi tatu za tofali.

Siku hiyo ya mvua, tulipotoka, mjane alinisubiri mbele ya ofisi ya kata. Hatukuwahi kuzungumza.

"Kaka," akasema, "wewe unayeandika. Wewe unasoma sheria. Nisubiri hapa, au niende baraza la ardhi la wilaya?"

Nikatoa kitabu mfukoni. Sikuhitaji kukifungua, nilikuwa najua ukurasa, lakini nilikifungua ili aone mistari ya penseli. Nikamwambia, "Subiri. Baraza hili lina mamlaka ya kuamua. Likiamua vibaya, hapo ndipo unakata rufaa wilayani. Ukienda kabla ya uamuzi, watakurudisha na utakuwa umepoteza muda."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akashukuru. Akaenda kuokota dagaa wake waliolowa. Nami nilirudi Mwanga nikiwa nimeridhika sana, kama siku ya kumaliza cherehani kilichowashinda mafundi wengine. Sikuandika chochote kuhusu mazungumzo yale. Daftari lilikuwa la kuwapima wao.

Alisubiri. Miezi ilifika tisa.

Kipindi cha wajumbe kilipokaribia kwisha, ukaitishwa mkutano wa mtaa wa kupendekeza majina, saa tisa alasiri, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki tatu. Nilikuwa nimejumlisha safu zote na kuzinakili kwenye kurasa nne. Sikutaka wazomewe tu. Nilitaka watu waone, kwa saa na dakika, walimchagua nani, na nilitaka mwenyekiti aone wanavyoona. Nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa na nia safi zaidi ya hiyo.

Nilisimama nikasema nina taarifa.

"Ya nani?" akauliza mtendaji wa mtaa.

"Ya baraza."

"Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa."

"Mwacheni asome!" mtu akapiga kelele nyuma. "Leo hata mpira hakuna!"

Nikasoma. Katika Jumanne sabini na moja nilizohudhuria, baraza lilianza kwa wakati mara mbili.

"Mara mbili!" wakaitikia kama kibwagizo.

Nikaongeza kwamba moja ya hizo mbili ni siku mgeni kutoka wilayani alipokuwa akipita. Hapo kicheko kikawa kikubwa. Mwanamke mmoja akainuka bila kupewa nafasi: "Mimi nimerudishwa mara tano! Mbuzi wangu yuko kwa jirani mpaka amezaa huko huko, na watoto wake nao naambiwa nilete ushahidi!" Nikaendelea na safu ya nne. Mhuri uliofungiwa. Kalamu iliyokosekana. Mjumbe aliyekwenda kusuka mkeka wa binti yake. Nikasoma Jumanne za mjane, na nikaeleza ni zipi zilizokuwa za giza. Wavuvi waliokuwa pembeni wakaacha kucheka. Mmoja alisema, "Hiyo si bahati mbaya hiyo." Nikajiona nimeshinda.

Mwenyekiti alisubiri nikae. Kisha akainuka taratibu, akajishika kiuno kama mtu anayeanza kutoa hadithi.

"Fundi ametupima kwa futi kamba yake," akasema. "Mimi nimeonekana mfupi. Sawa. Nina umri, nachelewa, naomba radhi." Watu wakatulia. "Ila nina swali moja kwa fundi. Mama huyu," akamwonyesha mjane aliyekaa na wanawake wenzake, "Jumanne iliyopita aliniambia anangoja uamuzi wangu. Nani alimwambia angoje uamuzi?"

Nikasema, "Mimi."

"Kwa sheria ipi?"

Nikakitoa kitabu.

"Kimechapwa mwaka gani?"

Nikakifungua. Kurasa mbili za mwanzo hazikuwepo. Mwaka ulikuwa kwenye moja ya kurasa hizo. Mara zote nne nilizosoma kitabu kile, sikuwahi kujiuliza mwaka.

"Soma mwaka, fundi. Wewe si mtu wa tarehe?"

Nikakifunga kitabu.

"Sheria ilibadilishwa," akasema, sasa akiwaambia watu wote, kwa sauti ya upole aliyokuwa akiitumia misibani. "Shauri la ardhi siku hizi sisi hatuamui. Tunasuluhisha tu. Tukishindwa tunaandika tumeshindwa. Na siku thelathini zikipita bila suluhu, mtu anakwenda zake baraza la wilaya, hata bila karatasi yetu. Barua ililetwa, tukaisoma ofisini. Mama amekaa miezi tisa akingoja kitu ambacho hakipo, kwa ushauri wa mtu anayetupima."

Wakacheka. Hawa hawa waliocheka nami, na kwa sauti ile ile.

Mjane akasimama, akafunga kanga vizuri kiunoni.

"Baba. Kwa hiyo tangu mwezi wa pili wa shauri ulijua naweza kuondoka?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza kila nilipofika. Nilikuuliza lini."

"Uliuliza lini," akasema mwenyekiti. "Hukuuliza wapi."

Kicheko kikakatika. Nilitegemea mjane angemrukia. Badala yake alinigeukia mimi.

"Na wewe, kaka?"

"Mimi sikujua."

"Hukujua," akasema, "lakini ulisema."

Akakaa. Sijawahi kusomewa taarifa fupi kuliko hiyo.

Majina yakapendekezwa kwa kunyoosha mikono. La mwenyekiti lilipita, si kwa shangwe kama zamani, lakini lilipita. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mwekeni na fundi!" na mwingine akamjibu, "Atatuhukumu kwa kitabu cha babu yake!" Wiki chache baadaye kamati ya kata ikapiga kura, na mwenyekiti akarudi kwenye kiti chake.

Mjane alikuja Mwanga siku ya kumi na moja baada ya mkutano. Ilikuwa mbalamwezi. Nilikuwa na kichwa cha cherehani mezani, kimefunguliwa, mikono imejaa mafuta. Nikamvutia kigoda. Hakukaa.

"Nimeshapeleka shauri wilayani," akasema. "Shemeji kaleta majibu. Anasema sikupitia baraza la kata, nimeruka ngazi. Nimekwenda kwa katibu kuomba jalada. Jalada linatafutwa."

"Linatafutwa?"

"Ndivyo alivyosema. Ameangalia kabati moja, akachoka. Kwa hiyo siku niliyofungua shauri imo kwako tu."

Nikafuta mikono, nikaleta daftari, nikamwonyesha siku ya kwanza, safu ya tatu na safu ya tano: ng'ambo, sahani tatu za wali, yote. Akalitazama kwa muda. Anasoma polepole, kwa kidole.

"Shemeji anasema pia kwamba nimelala," akaendelea. "Kwamba mwenye haki hawezi kuangalia nyumba ikijengwa miezi tisa amenyamaza. Sasa andika."

"Niandike nini?"

"Siku uliyoniambia nisubiri."

Nikamweleza kwamba daftari lina utaratibu wake. Ni la baraza, ni la mambo niliyoyashuhudia kwa wajumbe, nikianza kuingiza mambo mengine litapoteza maana. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nakumbuka hata nilitaja safu kwa namba.

"Humu ndani," akasema, akigonga ukurasa, "umeandika mara tatu 'mdai hakufika'. Huyo ni mimi. Nilikuwa naanika dagaa na nimo. Mimi nimo, mwenyekiti yumo, mama muuza mawese yumo. Ingia na wewe."

Mwenye duka la vitambaa alikuwa anasikiliza kwa ndani. Nilimwona amesimamisha mkasi. Nikachukua kalamu. Chini ya Jumanne ile ya mvua kulikuwa na nafasi ya mistari mitatu. Nikaandika kwanza tarehe ya siku hiyo ya kuandika, ili isionekane niliandika zamani, kisha: "Baada ya kikao, mbele ya ofisi ya kata, mdai aliniuliza asubiri au aende baraza la wilaya. Nilimwambia asubiri uamuzi. Nilikosea, kwa kuwa kitabu nilichosoma kilikuwa cha zamani."

"Soma."

Nikasoma.

"'Nilikosea' inatosha," akasema. "Ya kitabu, kata."

Nikaikata kwa mstari mmoja. Akasubiri wino ukauke, ndipo tukaenda duka la fotokopi lililo mtaa wa pili. Alitembea mbele.

Nilikula kiapo, nikaambatisha nakala za kurasa zile. Siku ya kusikilizwa maombi ya zuio tulikuwa watu watatu tu mbele ya mwenyekiti wa baraza la wilaya, mwanamke mwenye miwani aliyeanza saa tatu na dakika tano. Niliiona saa ukutani, sikuandika. Mjane alikuwa ameniambia njiani, "Wewe usiongee. Wewe ni daftari." Kwa hiyo nilikaa.

Mwenyekiti yule alisoma nakala moja baada ya nyingine. Alirudi nyuma, akaangalia siku ya kwanza. Akahesabu kitu kwa vidole. Alipofika kwenye ukurasa wa Jumanne ya mvua akasimama.

"Aliyemwambia mdai asubiri ni nani?"

Nikainuka. "Ni mimi."

"Wewe ni wakili?"

"Hapana. Fundi cherehani."

Shemeji akacheka kwa pua.

"Na kwa nini maneno haya ya mwisho yamekatwa?"

Nilikuwa na jibu refu tayari. Nilimtazama mjane. Alikuwa anaangalia mbele.

"Yalikuwa ya kujitetea," nikasema.

Akamuuliza shemeji kama anakana kwamba siku zilizoandikwa alikuwepo kata. Shemeji akasema hakumbuki. "Humu imeandikwa ulisema mdai arudi ng'ambo," akasema mwenyekiti. "Hilo nalo hulikumbuki?" Shemeji akasema alitania. Basi alikuwepo. Aliinama haraka, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Zuio lilitolewa siku hiyo: ujenzi usimame mpaka shauri la msingi lisikilizwe. Mjane alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia ndani ya kanga. Hakunishukuru, nami sikuona cha kushukuriwa.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kwenye baraza la kata kama kawaida. Benchi la nyuma lilikuwa limeondolewa. Nikauliza, katibu akasema limepelekwa kutengenezwa. Nikasimama ukutani. Mwenyekiti aliingia saa nne kasorobo, mapema kuliko wastani wake, akaniona.

"Habari za shule, mwanafunzi? Umepata kitabu kipya?"

"Nimepata, Mzee. Hiki kina mwaka."

"Afadhali," akasema, akaketi. "Utachoka kusimama."

Bado nasimama. Jalada la mjane halijapatikana.

Mwezi uliopita, katikati ya giza, nilipitia kwake kumpelekea barua ya tarehe mpya ya wilaya iliyoachwa kibarazani kwangu. Ukuta wa shemeji umesimama kwenye kimo cha madirisha, nondo zimeanza kushika kutu. Asubuhi hauna madhara. Lakini kuanzia saa tisa kivuli chake huangukia vichanja viwili vya kwanza, na mjane lazima ahamishe dagaa wa huko awalete upande wa ziwa, beseni kwa beseni. Nilimkuta katika kazi hiyo. Mama yake alikuwa ameketi na fimbo, akifukuza kunguru kwa matusi ya Kiswahili cha Kongo.

Nikasimama pembeni ya uwanja, nikamnyooshea barua.

"Iweke pale kwa mama," akasema bila kuinua kichwa. Kisha akaniangalia miguuni. "Na usogee, kaka. Umesimama upande wa jua."

Nilitazama chini. Kweli, kivuli changu kilikuwa kimewafunika dagaa wa kutosha ungo mzima. Nikasogea.